Khalil Kauza Mti, Anangoja Tunda

Kuna watu wakijifunza neno jipya wanalitumia. Khalil akijifunza neno jipya analivaa, tena analifukiza na udi kabisa.

Miaka hamsini na tisa, mstaafu. Thelathini kati ya hiyo kaimaliza Bandari ya Sultan Qaboos, Muscat, Oman, akihesabu makontena, enzi hizo bandari inapokea mizigo ya kweli, si sasa inapokea meli za watalii wazee wenye kaptura. Alipostaafu alitoka na pensheni, goti linalolia kama mlango wa kabati, na simu yenye intaneti isiyokwisha. Na mtu mzima ukimpa intaneti isiyokwisha halafu hana kazi, basi moja katika mawili: atakuwa daktari au atakuwa mwekezaji. Udaktari Khalil aliujaribu, goti likamshinda. Akawa mwekezaji.

Wa hisa ngapi? Mia nane! Kampuni moja ya umeme iliuza hisa kwa umma, nusu ya Muscat ikajiandikisha, na Khalil naye akatoa riyali mia na ishirini na nane, yaani baisa mia na sitini kwa kila hisa, na riyali moja ni baisa elfu. Basi. Kwa pesa hiyo mwengine ananunua friji. Lakini friji halikupi folda. Kampuni ilimpa folda ya plastiki ya bluu yenye nembo, na tangu siku ile folda haikumtoka kwapani. Kwa kinyozi yumo nayo, msikitini yumo nayo, msibani yumo nayo. Akipita chini ya taa ya barabarani iliyozimika anasimama, anaitazama, anatikisa kichwa. "Ntawaambia," anasema. Kana kwamba yeye ndiye anayepanda ngazi kila magharibi kwenda kuziwasha.

Makao makuu yake ni meza ya plastiki pale mtaa wa Hamriya, nje ya mkahawa wa Mhindi wa Malabari, kati ya duka la simu na fundi viatu. Hapo anakaa na sahibu yake Yaqdhan, mwalimu mstaafu mwenye mitende arobaini kwao Samail na subira ya mtende wa arobaini na moja.

"Soko limekuwa la fahali," Khalil anatangaza, chai haijapoa.

"Fahali mie nnawajua wa Barka," anasema Yaqdhan. "Wanapigana vichwa, watu wanapiga kelele, kisha kila mtu anarudi kwao na fahali wake. Wa kwako yuko wapi?"

"Yakhe, ndo lugha ya soko hiyo! Bei zikipanda, fahali. Zikishuka, dubu."

"Dubu? Khalil, mie na weye dubu tumemuona wapi?"

"Weye hata ukwasi huujui."

"Na huo nao ni mnyama gani?"

Ukwasi, kwa kukuondolea shida, ni wepesi wa kitu kugeuka pesa mkononi. Bangili za bibi zina ukwasi: unaingia nazo kwa sonara Mutrah, unatoka na noti. Shamba lenye kesi ya warithi kumi na saba halina. Khalil angeweza kusema hivyo tu, watu wakaelewa, wakaenda zao. Lakini mtu akishaelewa hakutazami tena kwa mshangao, na Khalil chakula chake ndo hicho, mshangao wa watu. Ungemnyima hicho angekonda.

Yote haya yangebaki kichekesho cha Hamriya kama asingekuwepo Bi Nawar.

Bi Nawar ni dada yake mkubwa, mjane wa miaka sitini na sita, anakaa nyumba moja na Khalil, mlango wa nyuma. Anauza sambusa. Na sambusa zake, yaani, watu wa Qurum wenye majumba yanayoitazama bahari wanatuma dereva na gari refu kama msikiti kuja kuchukua sambusa ishirini na nne tu. Anazikunja yeye na Dativa, msichana wa Bukoba anayefanya kazi pale nyumbani, na kila baisa inayopatikana inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga kwa kazi moja: hija. Miaka mine anajiandikisha. Miaka mine mtandao unamjibu kwa adabu kuwa mwaka huu hapana. Kopo nalo likajaa mpaka likafika riyali elfu moja na mia tano, halafu ndo Khalil akaliona.

"Dada, pesa yako imelala."

"Iache ilale. Imechoka. Mie ndo nloichosha."

"Pesa ikilala inaliwa na mfumuko wa bei."

"Inaliwa na nani?"

"Bei zinapanda, dada! Mfuko wa unga mwaka juzi ulinunua kwa kiasi gani? Na sasa kiasi gani? Pesa ile ile, unga mdogo."

Hapo alimpata. Mwanamke anayenunua unga kila wiki humdanganyi kuhusu unga, na hili halikuwa uongo.

"Sasa nsikize," Khalil akaendelea, folda keshaifungua mezani juu ya manda za sambusa. "Ntakununulia hisa. Hisa ni kipande cha kampuni. Kampuni ikipata faida inawagawia wenye vipande, hilo ndo gawio. Na ile pesa ulotia mwanzo ndo mtaji. Mtaji unakaa pale pale."

"Haupungui?"

"Dada, umeme huo! Nani Muscat atazima kiyoyozi mwezi wa saba?"

Shika hapo. Kaulizwa kama mtaji unapungua, kajibu habari za kiyoyozi. Na zile hisa zake mwenyewe alizonunua kwa mia na sitini, siku hiyo zilikuwa zishashuka mpaka mia na hamsini. Yeye akaita fursa.

Dativa, unga mpaka kwenye kiwiko, akauliza kwa heshima zote, "Samahani baba, hizo hisa zitaandikwa jina la nani?"

"Weye kunja sambusa."

Dativa akakunja sambusa. Hisa elfu kumi zikaandikwa jina la Khalil, kwa sababu akaunti kwa dalali ni ya Khalil, na kumfungulia dada yake ya kwake ni kujaza karatasi, na mtu mkubwa wa soko hajazi karatasi.

"Siku ukiitwa hija, dada," akamwambia, "mtaji wako na gawio lako, vyote mkononi mwako. Ahadi ni deni."

Bi Nawar akalifunika kopo tupu na kuliweka juu ya kabati, palepale lilipokuwa.

Mwaka mmoja ukapita. Mwezi wa tatu, Idi imetoka juzi tu, kampuni ikaita mkutano mkuu wa wanahisa kwenye hoteli moja ya Qurum. Wenye hisa chache huwa hawaendi, wanasoma kwenye simu wakiwa kitandani. Khalil alijitayarisha kama anakwenda kuposa: kilemba, bakora, na jambia kiunoni, khanjari ya marehemu baba yake. Kisha akatoka jikoni na bakuli la halwa kilo mbili na dele la kahawa.

"Baba," akasema Noof, binti yake wa miaka kumi na tisa, ambaye ndiye dereva wake tangu goti lianze vituko, "ule ni mkutano. Si harusi."

"Utaingiaje mikono mitupu kwenye kitu ulichochangia na watu? Endesha."

Walifika wamechelewa dakika kumi. Ukumbini kumetulia, baridi kama jokofu, mkaguzi wa hesabu, mgeni kutoka nje, anasoma tarakimu. Khalil akatoa salamu ya sauti ya bandarini, kisha akaanza kupeana mikono kuanzia kulia. Na watu wote, safu kwa safu. Mkaguzi akanyamaza. Khalil alipofika mbele kwa mwenyekiti wa bodi, akasimama sawasawa, akaanza khabari.

Sasa, kwa Waomani khabari si mchezo. Mtu akifika kwenye majlisi, barazani kwa watu, hapana neno la shida wala la biashara kabla ya khabari. Unaulizwa khabari, unasema kheri. Unaulizwa jipya, unasema hapana jipya. Unaulizwa wa nyumbani, na hata kama nyumba inaungua nyuma yako unasema wazima, alhamdulillahi. Na mwenyekiti, bwana mkubwa mwenye makampuni matatu na saa ya bei ya gari, alilelewa vizuri na mama yake. Angemkatisha vipi mtu mzima mwenye khanjari? Akajibu yote. Kheri. Hapana jipya. Wazima. Watu mia na zaidi wanangoja. Kisha Khalil akabandua karatasi ya halwa, na yule mkaguzi masikini akaanza kuzipekua karatasi zake kutafuta halwa iko kifungu cha ngapi.

Kwa hiyo katibu aliposimama na kusoma lile lililowaleta watu pale, Khalil alikuwa kainama kati ya safu ya nne na ya tano akimimina kahawa.

"Gawio la baisa kumi na mbili kwa kila hisa," akasoma katibu, "kwa kila atakayekuwemo kwenye daftari la wanahisa tarehe tano ya mwezi wa nne."

Khalil alisikia gawio. Alisikia kumi na mbili. Yaliyobaki yalizama kwenye kikombe. Noof, kule nyuma, aliyasikia yote.

Jioni ile Hamriya ikapewa ripoti. "Leo tumekubaliana na mwenyekiti," Khalil akasema. Yaqdhan akauliza wamekubaliana nini. "Kumi na mbili," akasema Khalil, na akaagiza chai kwa meza nzima, akamwachia Yaqdhan alipe.

Siku tano baadaye simu ya Bi Nawar ikalia ujumbe. Mwenyewe hana miwani, Noof akamsomea. Akasoma mara moja, akasoma tena. Kuna mtu kajitoa kwenye hija. Nafasi imemwangukia Bi Nawar. Safari ya basi, riyali elfu moja mia sita na ishirini, mwisho wa kulipa Jumatano tarehe kumi na tano, na asiyelipa nafasi yake anapewa mwengine.

Bi Nawar akakaa chini palepale jikoni, akalia. Dativa akapiga vigelegele vya Kihaya mpaka paka akatoka nje. Na Bi Nawar alipomaliza kulia akajifuta kwa ncha ya mtandio, akageuka.

"Khalil. Mtaji na gawio."

Khalil akafurahi, wallahi. Mwaka mzima kaingojea siku ya kuulizwa hivyo. Akapiga hesabu hadharani kidole kwa kidole. Bei ya siku ile ilikuwa baisa mia na hamsini na moja. Hisa elfu kumi, toa ujira wa dalali, zinabaki riyali elfu moja mia tano na nne. Gawio, mia na ishirini. Jumla elfu moja mia sita na ishirini na nne.

"Hija hiyo, na riyali nne za maji ya njiani!" akasema. "Leo leo nauza."

"Baba, ngoja," akasema Noof. "Daftari linatazamwa tarehe tano. Ukiuza kabla, jina lako linatoka, gawio anapata alonunua. Subiri mpaka tarehe sita."

"Na bei ya tarehe sita unaijua weye? Leo imepanda, leo nauza."

"Lakini gawio, baba..."

Khalil akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyepewa mtihani anaoujua. "Noof, babu yako alikuwa na mitende?"

"Alikuwa nayo."

"Mtende jike ukishapandishwa kwa ua la dume, kisha mwenyewe akauuza, tunda la msimu ule la nani?"

"Baba, hii ni..."

"La muuzaji! Mnunuzi kanunua mti. Tunda lishatungwa, la alouza, ila mnunuzi awe kasharutisha mapema. Sharia hiyo, na ndo ada ya kila mfereji wa falaji Oman nzima. Sasa, gawio lishatangazwa ama halijatangazwa? Lishatangazwa. Basi lishapandishwa! Nauza mti, nangoja tunda langu."

Na balaa lenyewe ni kwamba kwa mitende ni kweli tupu. Hata kadhi angempa haki yake. Akampigia na Yaqdhan, simu kwenye spika nyumba nzima isikie.

"Katika mitende," ikasema sauti ya Yaqdhan, "hukumu ndo hiyo."

"Mmesikia?"

"Khalil, nimesema katika mi..."

Keshakata.

Hisa si mtende, bwana. Hisa haina shina wala kikonyo. Ina daftari. Siku iliyotajwa wanafungua daftari, wanasoma majina: aliyemo anakula, hata kama kaingia juzi na hajui umeme unatoka wapi. Asiyemo hali, hata kama kakaa humo mwaka mzima na kanywesha kahawa bodi nzima. Haya yote yalikuwa kwenye tangazo la kampuni, mistari sita, ndani ya simu ya Khalil, haijafunguliwa. Video za fahali na dubu alifungua zote.

Akauza. Na siku ileile Noof alikaa chumbani kwake na akaunti aliyoifungua kwa simu usiku wa Idi, akachukua pesa zake za idi, riyali thelathini na ushei, akanunua hisa mia mbili. Kwa nani? Soko halisemi.

Tarehe tisa, Alkhamisi, wote wako kwenye chakula cha mchana. Wali wa nazi, papa, na achari ya ndimu. Simu mbili zikalia pamoja, ti-ting.

Noof akaitazama ya kwake, akaifunika haraka. Riyali mbili na baisa mia nne.

Khalil akajifuta mkono taratibu, akavaa miwani, akaishika simu mbali kama kioo cha kinyozi. Uso ukaganda kama video kwenye mtandao mbovu. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akavaa tena.

"Zimeingia?" akauliza Bi Nawar.

"Benki wamekosea nukta."

"Zimeingia kiasi gani?"

"Zinaingia kwa awamu, dada. Soko ndo lilivyo."

Riyali tisa na baisa mia sita. Gawio la hisa zake mwenyewe mia nane, baisa kumi na mbili kila moja, sahihi mpaka baisa ya mwisho. Khalil akampigia dalali, na kwa kuwa tangu awe mwekezaji hajui kupiga simu bila spika, meza nzima ikasikiliza. Akapokea Hajar, msichana wa ofisini, Mswahili mwenzao.

"Ammi Khalil, hisa mia nane, riyali tisa na mia sita. Zote umepata."

"Na zile elfu kumi?"

"Zile uliuza, ammi."

"Nliuza mti! Tunda nlikuwa sijauza!"

Kibodi ikasikika ikigongwa.

"Mti gani, ammi?"

Na Khalil, badala ya kunyamaza, akamweleza mtende wote, kuanzia ua la dume. Hajar akamsikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu. "Nimefahamu, ammi," akasema. "Lakini daftari lilikuwa tarehe tano. Alokuwemo ndo alopata."

"Nani alonunua? Nipe jina lake. Ntakwenda tuzungumze nae, mtu na mtu."

"Hajulikani, ammi. Huenda ni watu kumi. Huenda mia."

Noof akautazama wali wake kwa makini ya ajabu, kama anausoma.

Bi Nawar alisukuma sahani mbele kidogo. "Mkononi una kiasi gani?"

"Elfu moja mia tano na nne."

"Na hija?"

"Elfu moja mia sita na ishirini."

"Pungufu?"

"Mia na kumi na sita."

"Sambusa moja nauza baisa hamsini. Weye si uliajiriwa kwa kuhesabu? Hesabu."

Khalil akameza mate. "Sambusa elfu mbili mia tatu na ishirini, dada."

"Mpaka Jumatano," akasema Bi Nawar. "Nikunje mie, ama ukunje weye?"

Dativa akainuka kwenda jikoni, mabega yanamcheka.

Noof akajikaza. Akasema ana riyali mbili na mia nne, kama zitasaidia. Khalil akageuka taratibu. "Umezitoa wapi?"

"Gawio."

"Gawio la nini?"

"La hisa mia mbili. Nlinunua siku ile."

"Siku ipi?" Lakini keshajua siku ipi. Akamtazama binti yake kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa juu ya mtende wako na kikapu. "Labda ndo zetu hizo."

"Labda, baba," akasema Noof. "Nlikwambia subiri."

Pensheni mpaka mwisho wa mwezi. Kumkopa Yaqdhan ni kuitangazia Hamriya nzima. Kilichokuwepo kilikuwa kimoja tu, na kila mtu mezani alikuwa akikitazama: folda ya bluu, imeegemea jagi la maji. Zile hisa mia nane. Zile zinazomfanya aitwe mwanahisa, aingie Qurum na dele la kahawa, azikemee taa za barabarani.

Na Ijumaa soko limefungwa. Jumamosi limefungwa. Siku mbili Khalil alizunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza chaja. Jumamosi jioni akaja mwenyewe jikoni, akakunja mikono ya kanzu, akakunja sambusa. Zikatoka kama bahasha zilizonyeshewa. Bi Nawar akazifungua moja moja, akazikunja upya.

"Khalil," akasema mwishowe, "nikikosa mwaka huu, ntangoja miaka mingapi tena? Nna sitini na sita."

Khalil akanawa unga mikononi, akaenda kutafuta namba ya dalali.

Jumapili asubuhi akaiangalia bei. Baisa mia na arobaini. Bila shaka imeshuka: gawio likishatoka, kila mtu anajua kuwa anayenunua sasa ananunua mti uliochumwa. Yeye, bingwa wa mitende, hilo moja ndilo lililompita. Akauza zote mia nane. Alizinunua riyali mia na ishirini na nane, akapata mia na kumi na moja baada ya ujira wa dalali; pamoja na lile gawio lake la tisa na mia sita, pengo la dada likazibika. Dada yake alimuuliza mwaka jana mtaji unapungua? Unapungua. Jibu ndo hilo, limechukua mwaka kufika.

Na pesa hazikuja hapohapo pia. Ukiuza hisa unangoja siku mbili za kazi mpaka pesa iingie, kwa hiyo Jumatatu yote Bi Nawar alikaa na tasbihi na Khalil alikaa na simu, na haijulikani nani alitaja jina la Mungu mara nyingi zaidi. Zikaingia Jumanne saa sita. Saa saba Noof kampeleka shangazi yake kwa wenye msafara, na kwa usingizi wa siku sita waliokosa wakaweka pesa juu ya meza, elfu moja mia sita na ishirini, wakapewa risiti. Siku moja imebaki. Bi Nawar akaikunja risiti ndogo kabisa, akairudisha nyumbani, akaitia kwenye kopo la maziwa.

Khalil akabakiwa na riyali nne na baisa mia sita. Na folda, ambayo hakuna aliyeitaka.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya safari, basi limesimama nje ya msikiti, injini inanguruma, mabegi yanapandishwa, watu wanalia na kupiga picha. Yaqdhan kaja kuaga. Akamtazama Khalil kwapani.

"Folda iko wapi leo?"

"Nimetoka sokoni," akasema Khalil, akiinua kidevu. "Kwa mkakati."

Dirisha la basi likafunguka. Masikio ya Bi Nawar hayana umri. "Khalil! Ntakuombea Arafa."

"Niombee, dada."

"Mola akuzidishie mali."

"Amin."

"Na akupunguzie maneno."

"Amin!" akasema Yaqdhan, kwa sauti iliyozidi ya imamu.

Khalil akasogea karibu na dirisha. Folda alikuwa nayo kumbe, kaishika chini kama sinia, na juu yake bakuli la halwa, karatasi yake haijabanduliwa. Riyali nne na baisa mia sita, zote zimeishia kwenye halwa ile. Akaliinua kwa mikono miwili mpaka goti likalia.

Bi Nawar akalipokea. Akalipima uzito kwa kiganja kama anapima unga.

"Hii mtaji ama gawio?"

Noof akaziba mdomo. Yaqdhan akageuka kutazama msikiti. Na Khalil akafungua kinywa, na maneno yote yalikuwepo, yamejipanga mlangoni na vilemba vyao, ukwasi, fahali, awamu, fursa.

"Hii halwa, dada," akasema.

"Ahaa," akasema Bi Nawar, na kwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi ile ya papa akamcheka mdogo wake huyu machoni kabisa. "Sasa nimekufahamu."

Basi likaondoka.